Mlango wa jumba la biashara uzuie mwizi, usiwe mtego kwa walio ndani

WENYE majumba ya biashara katika miji mikuu humu nchini wamekuwa mbioni kuweka mitambo ya kudhibiti wanaoingia na wanaotoka. Mahali palipokuwa na bawabu, rungu na daftari, leo pana malango ya vyuma yanayozunguka, kadi za kielektroniki, vifaa vya kusoma alama za vidole na kamera zinazotambua nyuso.

Hofu iliyowasukuma ni ya kueleweka. Mnamo Agosti 7, 1998, magaidi walilipua bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200. Septemba 21, 2013, washambuliaji walivamia jumba la Westgate na kuua watu 67. Januari 15, 2019, watu 21 waliuawa katika shambulizi la DusitD2. Kila baada ya msiba kama huo, milango imekazwa zaidi.

Hata hivyo, wengi huinunua mitambo hii kama mtu anunuavyo gari kwa kutazama rangi yake. Huiona kwa jirani, huambiwa bei, kisha hutia saini. Swali la mlango huo unamzuia nani, na utafanya nini siku jumba litakaposhika moto, aghalabu haliulizwi mpaka maji yazidi unga.

Ukweli ni kwamba mlango wa jumba la biashara una kazi tatu. Ya kwanza ni kumzuia asiyehusika. Ya pili ni kumtoa kila mtu upesi panapotokea hatari. Ya tatu ni kuhifadhi siri za watu waliopita hapo. Mfumo unaotimiza kazi ya kwanza pekee haufai, hata uwe wa bei ghali namna gani.

Anza na hatari, si na mtambo

Kabla ya kumwita mchuuzi yeyote, mwenye jumba anapaswa kuketi na wapangaji wake na kuorodhesha wanachokihofia. Duka la vito huhofia wezi wenye silaha. Afisi ya mawakili huhofia kupotea kwa faili za wateja. Zahanati huhofia wizi wa dawa, ilhali kampuni ya mawasiliano huhofia mtu atakayeingia katika chumba cha mitambo na kung'oa nyaya.

Hatari hizi hazitibiwi kwa dawa moja. Mwizi wa tarakilishi za mkononi, kwa mfano, hahitaji nyundo. Huvaa tai, hubeba bahasha ya kahawia, na kumfuata mfanyakazi aliyefungua mlango kwa kadi yake. Mfanyakazi huyo, kwa ustaarabu wake, humshikia mlango. Kadi ya bei ghali kuliko zote haiwezi kumzuia mwizi wa aina hiyo. Anayeweza kumzuia ni lango linalopitisha mtu mmoja mmoja, au mlinzi aliye macho.

Njia inayofaa ni kuligawa jumba katika tabaka, kama kitunguu. Tabaka la nje ni ua na maegesho ya magari. La pili ni ukumbi wa mapokezi. La tatu ni milango ya kila orofa au kila mpangaji. La nne ni vyumba vichache vyenye mali au siri, kama vile chumba cha fedha na chumba cha mitambo ya tarakilishi.

Kila tabaka huhitaji kiwango chake. Si lazima mteja anayekwenda kununua viatu katika orofa ya chini achukuliwe alama za vidole. Kadhalika, si busara chumba cha fedha kifunguliwe kwa kadi moja tu ambayo mtu anaweza kuiokota barabarani. Anayeweka ulinzi wa aina moja kila mahali huwasumbua watu mahali pasipo na hatari na kuwalegezea wezi mahali penye mali.

Kutoka ni muhimu kuliko kuingia

Mnamo Januari 28, 2009, moto uliteketeza duka la Nakumatt Downtown katikati ya jiji la Nairobi na kuua watu wapatao 29. Baadhi ya walionusurika walidai kwamba milango ilifungwa ili kuzuia uporaji huku watu wakiwa ndani.

Jambo la aina hiyo si geni duniani. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kilishika moto, na wafanyakazi 146, wengi wao wasichana, wakafariki. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walikuwa na desturi ya kuwakagua wafanyakazi mlangoni wasije wakaiba vitambaa. Kufuli iliyonuiwa kulinda mali ndiyo iliyowafungia watu ndani ya moto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka mahali pa kazi pawe na njia za kutorokea moto, na milango isifungwe kwa namna ambayo mtu aliye ndani hawezi kuifungua kwa urahisi na mara moja. Mtambo wa kielektroniki haumwondolei mwenye jumba wajibu huo. Ikiwa mfanyakazi anahitaji kadi, kidole au idhini ya mtu mwingine ili atoke wakati wa moto, mfumo huo umeshindwa kabla haujaanza kazi.

Hapa ndipo aina ya kitasa inapokuwa na maana kubwa. Vitasa vya umeme ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hufunguka umeme unapokatika. Mfano wake ni kitasa cha sumaku, ambacho hushika bamba la chuma mlangoni kwa nguvu ya umeme. Umeme ukitoweka, sumaku hulegea na mlango huachia. Namna ya pili hubaki kimefungwa umeme unapokatika, na hufaa kwa vyumba vya mali kwa sababu mwizi hawezi kukifungua kwa kukata waya.

Milango iliyo katika njia ya kutorokea inapaswa kuwa ya namna ya kwanza, au iwe na mpini wa kawaida upande wa ndani unaofungua mlango bila kutegemea umeme hata kidogo. Mpini wa aina hiyo ndio bora, kwa kuwa hauna waya wa kukatika wala betri ya kuisha. Mahali penye umati mkubwa, ufito unaokingama mlangoni na kufungua kitasa ukisukumwa na mwili hufaa zaidi, maana mtu aliyejaa moshi machoni hawezi kutafuta kitufe ukutani.

Kitasa cha sumaku kisipounganishwa na king'ora cha moto huwa hatari. Moto ukizuka huku umeme na betri vingali vinafanya kazi, sumaku itaendelea kushika mlango kwa nguvu ambayo mtu wa kawaida hawezi kuishinda kwa kusukuma. Kwa hivyo king'ora kinapolia, ni sharti kikate umeme wa vitasa vyote vya njia za kutorokea chenyewe, pasi na kungoja mtu aamue. Vilevile, kando ya kila mlango wa aina hiyo kuwe na kisanduku cha dharura cha rangi ya kijani, ambacho mtu akikivunja au kukibonyeza hukata umeme wa kitasa hicho moja kwa moja.

Mafundi wengine huunganisha kitufe cha kutokea kupitia tarakilishi ya mfumo badala ya kukiunganisha na waya wa umeme wa kitasa. Tarakilishi ikikwama, kitufe hakifanyi lolote. Mwenye jumba si lazima awe mhandisi ili aligundue kosa hili. Amwambie fundi azime tarakilishi, kisha yeye mwenyewe abonyeze kitufe. Mlango usipofunguka, asilipe.

Malango yanayozunguka yaliyo marefu kama mtu nayo yachunguzwe. Lango la aina hiyo humpitisha mtu mmoja mmoja, na katika fujo huziba njia. Kwa sababu hiyo, kando yake ni lazima pawe na mlango mpana unaofunguka kwa kusukumwa. Mlango huo pia utawafaa wanaotumia viti vya magurudumu, akina mama wenye vigari vya watoto na wabebaji wa mizigo. Upana wa angalau sentimita 90 husaidia, na kifaa cha kusomea kadi kiwekwe mahali ambapo mtu aliyeketi anaweza kukifikia.

Umeme unapopotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea takriban kote nchini, na maeneo mengi yakakaa gizani kwa saa nyingi. Tukio kama hilo huonyesha mara moja ni nani aliyenunua mfumo kamili na nani aliyenunua mapambo ya ukutani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitasa kimoja cha sumaku cha volti 12 chaweza kutumia takriban nusu ampea wakati wote. Milango minne ikitegemea betri moja, huhitaji ampea mbili kila saa. Betri ndogo inayowekwa kwa kawaida katika visanduku vya mitambo hii huwa ya ampea 7 kwa saa moja. Maana yake ni kwamba, hata ikiwa mpya, itadumu chini ya saa tatu na nusu. Ikizeeka, huenda isimalize hata saa moja.

Baada ya hapo milango yote ya sumaku itakuwa wazi, usiku, huku kamera nazo zikiwa zimezimika. Mwizi mwenye subira hahitaji zaidi ya hayo.

Mwenye jumba aulize mambo matatu: betri zitadumu kwa saa ngapi, zitabadilishwa kila baada ya miaka mingapi, na jenereta inawasha sehemu gani za mfumo. Fauka ya hayo, milango ya nje iwe na kufuli ya kawaida yenye ufunguo, itakayotumiwa jumba linapokuwa tupu kabisa. Funguo hizo zihifadhiwe na watu wanaojulikana, na kila anayezichukua atie saini.

Kadi, nambari, kidole au uso?

Mtu hutambulishwa mlangoni kwa mojawapo ya mambo matatu: kitu alicho nacho, jambo analolijua, au umbile lake mwenyewe. Kila njia ina faida na dosari zake.

Kadi ndiyo njia iliyoenea zaidi. Ni nafuu, ni ya haraka, na ikipotea hufutwa katika mfumo kwa dakika moja. Lakini kadi zote si sawa. Zile za zamani zinazotumia mawimbi ya kilohezi 125 hutangaza nambari moja tu, bila kinga yoyote, kwa kifaa chochote kinachowekwa karibu nazo. Kunakili kadi kama hiyo ni kazi ya sekunde chache, na vifaa vya kuifanya huuzwa hadharani kwa bei ya chini.

Hata kadi zinazodaiwa kuwa na kinga zimewahi kushindwa. Mnamo 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walionyesha jinsi kadi ya Mifare Classic, iliyotumiwa katika majumba na vyombo vya usafiri katika nchi nyingi, ingeweza kufunguliwa siri yake na kunakiliwa. Kampuni iliyoitengeneza ilikwenda mahakamani kuzuia matokeo hayo yasichapishwe, ikashindwa. Licha ya hayo, kadi hizo zingali zinauzwa kwa sababu ni rahisi.

Kwa hivyo anayenunua leo asiridhike na jibu kwamba "kadi ni ya kisasa." Aulize ni ya aina gani, inatumia kinga gani ya siri, na ni nani anayeshika ufunguo wa siri hiyo. Aulize pia kuhusu waya unaotoka katika kifaa cha mlangoni hadi kwenye kisanduku cha mitambo. Mifumo mingi ya zamani hupitisha nambari ya kadi katika waya huo bila kuificha, na mtu akifungua kifaa kilicho nje ya ukuta anaweza kuinasa.

Nambari ya siri nayo haipotei mfukoni, lakini husambaa. Katika afisi ya watu 20, nambari moja inayotumiwa na wote haikai siri kwa muda mrefu. Hupewa mpishi wa chai, mletaji wa barua na aliyeacha kazi mwaka uliopita. Nambari hufaa zaidi inapotumiwa pamoja na kadi, katika vyumba vyenye mali.

Alama za vidole zina sifa moja kubwa: mfanyakazi hawezi kumpa mwenzake kidole. Ndiyo sababu waajiri wengi huzipenda kwa kuhesabu saa za kazi. Tatizo ni kwamba mikono ya waashi, wafua vyuma, waosha vyombo na wazee huwa imechakaa, na kifaa hushindwa kuisoma. Vumbi na unyevu huzidisha shida hiyo. Isitoshe, janga la Covid-19 lililozuka nchini mwaka wa 2020 liliwafanya wengi wakatae kugusa kifaa kinachoguswa na kila mtu.

Kutambua uso hakuhitaji kugusa chochote, na kasi yake ni ya kuridhisha. Lakini mwaka wa 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba programu nyingi za aina hiyo hukosea mara nyingi zaidi, kwa kumdhania mtu kuwa mwingine, zinaposoma nyuso za watu wenye asili ya Afrika na Asia Mashariki kuliko zinaposoma za Wazungu. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba programu hutofautiana sana kwa ubora.

Funzo kwa mnunuzi wa Kenya ni kwamba asikubali matokeo ya majaribio yaliyofanywa ng'ambo. Ataka kifaa kijaribiwe kwake kwa wiki mbili, na wafanyakazi wake, katika mwanga wa asubuhi unaoingia mlangoni kwake, akihesabu ni mara ngapi kilimkataa mwenye haki na kama kilimkubali asiye na haki.

Lipo jambo zito zaidi. Kadi ikiibwa hutolewa nyingine. Kidole kikiibwa, mtu hana kingine cha kukibadilisha. Agosti 2019, watafiti walitangaza kwamba hifadhi ya data ya mfumo wa BioStar 2, unaotengenezwa na kampuni ya Suprema ya Korea Kusini na kutumiwa katika majumba ya nchi nyingi, ilikuwa wazi kwenye mtandao, ikiwa na alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja. Waliohusika watakwenda nazo mpaka kaburini.

Aghalabu, basi, jumba la kawaida la afisi litatoshelezwa na kadi yenye kinga imara mlangoni, na kadi pamoja na nambari ya siri katika vyumba maalumu. Vidole na nyuso vitumike tu mahali ambapo hatari yenyewe inastahili gharama hiyo.

Foleni ya asubuhi

Mtambo unaweza kuwa salama na bado ukashindwa kwa sababu ni wa polepole. Tuseme jumba lina wafanyakazi 600 ambao wengi wao hufika kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi. Hao ni watu 20 kila dakika.

Iwapo kadi huchukua sekunde tatu kwa kila mtu, lango moja litapitisha watu 20 kwa dakika, mradi hakuna hata mmoja atakayesita. Iwapo kidole huchukua sekunde sita pamoja na marudio, lango moja litapitisha watu 10 tu. Jumba hilo litahitaji malango mawili ya kadi au matatu ya vidole ili pawe na akiba.

Asiyepiga hesabu hii mapema ataiona foleni ikifika barabarani. Kisha msimamizi, kwa kulemewa na malalamiko, ataamuru lango la pembeni liachwe wazi kila asubuhi. Siku hiyo mfumo wote utakuwa umegeuka kuwa pambo.

Daftari la wageni

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni mgeni. Katika majumba mengi, mgeni huandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu katika daftari lililo wazi. Anayefuata husoma yote yaliyoandikwa na waliomtangulia. Likijaa, daftari hutupwa kabatini au jalalani.

Mnamo Juni 2021, Wakenya wengi walishangaa kugundua kwamba majina yao yalikuwa yamesajiliwa katika vyama vya kisiasa bila idhini yao. Wengi walishuku kwamba maelezo yao yalichukuliwa kutoka kwa madaftari wanayojaza kila siku. Ulikuwa ushuhuda kwamba nambari ya kitambulisho si jambo la kuandikwa ovyo.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya maelezo ya watu aeleze sababu, akusanye yanayohitajika pekee, ayalinde, na asiyaweke kwa muda unaopita haja. Alama za vidole na maumbile ya nyuso zimewekwa na sheria hiyo katika kundi la data nyeti linalohitaji uangalifu zaidi. Maelezo yakivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Mahakama nazo zimeanza kuuma. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru kufutwa kwa data ya kimaumbile ambayo mradi wa Worldcoin ulikuwa umekusanya kwa Wakenya, kwa sababu miongoni mwa mengine, tathmini ya athari kwa siri za watu haikuwa imefanywa inavyostahili. Mwenye jumba anayepanga kukusanya nyuso za maelfu ya wageni atafanya vyema kuizingatia hukumu hiyo.

Kuhusu vitambulisho, Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya mwaka wa 2016 humruhusu mlinzi kumtaka mgeni ajitambulishe na kunakili saa ya kuingia na kutoka, lakini maelezo hayo hayafai kutumiwa kwa jambo jingine. Mwaka wa 2024, mamlaka inayosimamia sekta hiyo iliagiza walinzi waache desturi ya kuzuilia vitambulisho vya wageni milangoni.

Njia bora ni mwenyeji amwandikishe mgeni wake mapema, mgeni apewe kadi ya muda itakayokufa yenyewe jioni, na maelezo yake yafutwe baada ya muda uliowekwa. Orodha ya waliomo ndani ina faida nyingine kubwa: panapotokea moto, wazimamoto huweza kujua nani hajatoka. Lakini orodha hiyo ipatikane nje ya jumba pia, kwa maana haina kazi ikibaki katika tarakilishi inayoungua.

Mlinzi na msimamizi

Wapo wanaodhani kwamba mtambo huondoa haja ya walinzi. Tukio la 1998 linakumbusha kinyume chake. Washambuliaji walitaka kuingiza lori katika maegesho ya nyuma ya ubalozi, lakini mlinzi aliyekuwa langoni akakataa kuwafungulia. Maafa yalikuwa makubwa hata hivyo, ila uamuzi wa binadamu mmoja ndio uliolizuia lori hilo lisisogee karibu zaidi.

Mtambo hufuata maagizo. Mlinzi hutambua lisilo la kawaida. Lakini mlinzi asiyefunzwa, asiyepumzika na asiyejua la kufanya king'ora kinapolia hawezi kuwa msaada. Bajeti ya mfumo isiyo na fedha za mafunzo yake ni bajeti nusu.

Aidha, lazima ajulikane nani anayesimamia mfumo kila siku. Mfanyakazi akiachishwa kazi saa nne asubuhi, kadi yake ifutwe kabla hajafika kwenye lifti. Maneno ya siri yaliyokuja na mtambo kutoka kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza. Kila miezi mitatu, orodha ya kadi zinazofanya kazi ilinganishwe na orodha ya wafanyakazi waliopo. Wanaofanya hivyo kwa mara ya kwanza mara nyingi hukuta kadi za watu walioondoka zamani zingali zinafungua milango.

Katika jumba lenye wapangaji wengi, mkataba wa upangaji ueleze bayana nani anasimamia mlango mkuu, nani anasimamia milango ya orofa, na nani anaruhusiwa kutazama kumbukumbu za nani aliingia wapi. Mwenye jumba hana sababu ya kuchunguza mwendo wa wafanyakazi wa mpangaji wake.

Kabla ya kutia saini

Bei inayotajwa na mchuuzi huwa ya siku ya kwanza. Mnunuzi adai hesabu ya miaka mitano: vifaa, nyaya, kadi za ziada, ada ya programu ya kila mwaka, betri, matengenezo na mtandao. Mfumo unaoonekana rahisi leo waweza kuwa ghali ukidai ada kila mwezi kwa kila mlango.

Mkataba ueleze fundi atafika baada ya saa ngapi mlango ukiharibika, vipuri vitapatikana humu nchini au vitaagizwa, na kama kadi na vifaa vitaweza kutumiwa na kampuni nyingine uhusiano ukivunjika. Data yote ibaki mali ya jumba, na mchuuzi asibaki na neno la siri la kuuingia mfumo bila idhini baada ya kukamilisha kazi.

Hatimaye, malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya jaribio moja. Siku ya kazi, saa ambayo jumba limejaa, king'ora cha moto kipigwe na umeme ukatwe. Kila mlango wa dharura ufunguke wenyewe au kwa kusukumwa. Watu wote wafike mahali pa kukutania nje, nao waliomo katika viti vya magurudumu wakiwamo. Orodha isomwe, na hesabu itimie.

Zoezi hilo lirudiwe angalau mara mbili kila mwaka, na vitufe vya dharura vijaribiwe kila mwezi. Mlango uliokataa kufunguka katika jaribio hutengenezwa kwa bisibisi. Uliokataa kufunguka katika moto hauna tena wa kuutengeneza. Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga huanza kwa kuuliza, kabla ya kuuliza bei, mtu atatokaje.